Ubao Ulionyamaza

Stoo ya jikoni ilikuwa finyu kiasi kwamba mtu akiingia na mawazo yake, mmoja wao lazima asubiri nje. Lakini mkazamwana wa nyumba ile alikuwa ameiota nyeupe. Aliiota akichambua mchele, akaiota akinyonyesha: kuta kama ndani ya ganda la yai, rafu zimenyooka, na mwanga ukishuka taratibu juu ya makopo kama unga unaochekechwa.

Jambo moja tu lilimtia hofu. Baba mkwe wake hakuwa akiona. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu miaka mingi, na kazi moja tu ndiyo iliyombakia mikononi: chai ya asubuhi. Kila kukicha aliingia stoo peke yake, akatoka na majani na sukari, akawapikia wote.

"Siku nitakayopikiwa chai," alizoea kusema, "mniitie na seremala wa jeneza."

Basi kabla ya kutoa hata kopo moja, mkazamwana alichukua daftari lake la masomo ya jioni, akaichora stoo yote. Akapima kwa uzi: kutoka mlangoni hadi kwenye chai, kutoka chai hadi sukari, kutoka sukari hadi chumvi. Kila kipimo akakifunga fundo.

Seremala aliyekuja, mtaani walimwita Nusu Saa, maana kila kazi, iwe kigoda au paa zima, aliahidi kuimaliza kwa nusu saa.

"Shemeji, rafu hizi zimeoza," alisema, kichwa kikiwa ndani na miguu nje. "Ila huu ubao wa katikati, mh! Mbao za siku hizi zitauonea wivu. Nitaupiga randa tu, utang'aa."

"Na haya meno ya panya hapa ukingoni?" mkazamwana akauliza, akiyaonyesha kwa kidole.

"Hayo? Nusu saa."

Randa ikaimba hadi jioni. Maranda yakajikunja, yakaelea, yakatua sakafuni bila sauti, na binti mdogo wa mkazamwana akayaning'iniza masikioni kama hereni. Mzee alikaa uani, akinusa rangi kwa mbali.

"Msije mkanichanganyia rangi na chai yangu," alitania. Lakini vidole vyake vilitembea gotini bila kutulia.

Siku ya tatu, rangi ilipokauka, kila kitu kilirudi mahali pake, fundo kwa fundo.

Asubuhi yake mkazamwana alisimama jikoni, kichanga mgongoni. Mzee aliingia stoo. Mkono wake ukapanda hadi kwenye ubao wa katikati, ukateleza ukingoni, ukarudi, ukateleza tena. Akafungua kopo, akaonja. Chumvi.

"Baba, la sukari ni hilo la..."

"Usiniambie." Kisha, taratibu: "Mwanangu, huu ubao umenyamaza."

"Lakini nilipima, baba. Nilipima kila kitu kwa uzi."

"Najua, nilikusikia ukihesabu. Ila mama yenu alinikatia alama hapa ukingoni kwa kisu, mwaka ule macho yaliponiaga. Mkato mmoja, chai. Miwili, sukari. Mitatu, chumvi, 'usije ukatuua,' akasema."

Meno ya panya.

"Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyemwambia fundi. Nilidhani ni panya."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kumbe ni kicheko. "Angesikia ameitwa panya, tungelala njaa wiki nzima!" Lakini kicheko kiliishia njiani, na mkono wake bado ulikuwa juu ya ukingo ule laini, kama mtu aliyebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Mkazamwana akaenda kuleta kisu.

"Ngoja," mzee akamwambia. "Fumba macho kwanza."

Akafumba. Stoo ikapanuka. Ikawa harufu ya mbao mbichi, ya majani ya chai, ya rangi, pumzi ya mtoto shingoni mwake, na kwa mbali kitu kama nguo za mtu aliyetoka sasa hivi tu. Akapapasa ukingo chini ya kopo la chai, akakata. Akakata miwili kwenye sukari. Mitatu kwenye chumvi. Mzee akafuata nyuma yake kwa kidole.

"Yake ililala upande. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Yako imesimama wima kama askari."

"Niilaze, baba?"

"Iache. Nitakuzoea na wewe." Akamsukuma polepole begani. "Haya, tokeni. Mmekuwa wengi humu."

Chai ilichelewa siku ile. Ilikuja kwenye vikombe vyote, tamu kupita kiasi, na hakuna aliyebakiza. Kwenye ukuta mweupe, kando ya ubao, kidole gumba cha mzee kilikuwa kimeacha doa la majani ya chai. Mkazamwana alilipita mara tatu akiwa na kitambaa mkononi. Mara ya nne alikiweka kitambaa chini.