Na Wenzake

Kabla hakijaitwa ofisi, chumba kile kilikuwa stoo ya dawa za maabara, na harufu ya asidi haikuwahi kuhama. Dirisha hakikuwa nalo. Feni ya mezani ilizunguka kwa kusuasua, kama mtu aliyelazimishwa kuja kazini na homa yake. Humo ndimo alimokaa msaidizi wa idara, macho yamemwiva kwa mwanga wa kompyuta, akipanga marejeleo ya makala ya Profesa: jina la ukoo kwanza, kisha herufi za majina mengine, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida kwa herufi za mlazo. Jarida lililokuwa likipelekewa makala hiyo halikuwa na mzaha. Mkato ukikaa pasipo pake, andiko linarudi.

Watu wa idara walimwita Bi Nukta. Walisema kwa utani, naye alicheka nao, kwa kuwa jina la utani ni nafuu kuliko kutoitwa kabisa. Alikuwa na shahada mbili na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila ulipokaribia kwisha alijikuta akitembea kwa kunyata kwenye korido, asije akakumbukwa vibaya.

Makala ilihusu visima vya bondeni, jirani na kiwanda cha ngozi. Hitimisho lake lilikuwa fupi: maji ni salama kwa kunywa. Bi Nukta alikuwa akilinganisha namba za kwenye mabano na orodha ya mwisho, moja baada ya nyingine, hadi akafika kumi na nne, akaisoma mara mbili. Sentensi iliyobeba namba hiyo ilisema tu kwamba utafiti wa awali ulitoa matokeo tofauti. Basi. Na kule mwisho, kwenye orodha, palikuwa na jina la ukoo la marehemu Daktari, bosi wake wa zamani wa maabara, likifuatiwa na maneno mawili: na wenzake.

Mmoja wa hao wenzake alikuwa yeye. Ndiye aliyeshuka bondeni na chupa begani, akavuta kamba za ndoo mpaka viganja vikachubuka, akakaa maabara na Daktari walipoona kemikali ya kusindikia ngozi imejaa kwenye maji kupita kiasi. Utafiti ule ndio uliofanya visima vifungwe kwa minyororo. Watu wa bondeni hawakushukuru. Walianza kufuata maji mlimani, na waliwalaani wasomi waliowafungia. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa miongoni mwa waliolaani. Baada ya hapo Daktari aliondolewa maabara, kompyuta zake zikabebwa, kukasemwa kuna ukaguzi. Hakufika mbali, akafa. Presha, walisema.

Profesa alimwita kabla ya chakula cha mchana. Kwenye kochi la ofisi alikuwepo mwanamume aliyevaa vizuri, amekunja mguu juu ya mguu. Profesa alimtambulisha kuwa ni afisa wa kiwanda, rafiki wa idara. Afisa aliitikia kwa kichwa.

"Kumi na nne itoke," Profesa alisema.

Bi Nukta alijibu kwamba ikitoka, namba zote zinazofuata zitabadilika, na muda ni mdogo. Lilikuwa jibu la kijinga na alilijua, ila ndilo lililomjia mdomoni.

"Kwani hiyo kompyuta haijui kuhesabu?"

"Inajua, Profesa. Lakini huu ndio utafiti pekee uliofanyika pale kabla ya wetu. Msomaji akiuliza?"

"Msomaji husoma kilichoandikwa, mama. Na ile sentensi iondoke nayo."

Afisa alikohoa kidogo, akamtazama kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea kuwafariji wafiwa.

"Shangazi yako bado yuko bondeni? Ile nyumba ya mlango wa bluu?"

Bi Nukta hakuwahi kumwona mtu huyu maishani mwake. Alisema ndiyo, bado yuko.

"Mama mzuri sana yule. Anaishi peke yake, eti? Mpe salamu zetu."

Profesa alikuwa amekwisha kurudi kwenye karatasi zake. Bila kuinua kichwa alimwambia kwamba mkataba wake uko kwa mkuu wa idara, na kwamba jioni hiyo hiyo angemkumbusha.

Alirudi stoo, akakaa. Halafu alifanya alichotumwa. Sentensi ilifutika, chanzo kikafutika, na kumi na tano ikawa kumi na nne. Makala ilibaki nzima, wala hapakuonekana kovu. Alijiambia kuwa hajaua kitu, kwamba utafiti upo maktaba, na mwenye kuutafuta ataupata.

Kesho yake alikwenda kuhakikisha. Kwenye rafu ya majarida ya chuo palikuwa na pengo. Mkutubi alisema juzuu hilo limepelekwa kujalidiwa upya. Na nani? Na wenyewe. Alipouliza wenyewe ni akina nani, mkutubi alishusha sauti akamsihi asimtie matatani, ana watoto. Kwenye mtandao wa chuo ukurasa ulikuwa haufunguki. Nakala ya Bi Nukta ilikwenda na zile kompyuta zilizobebwa.

Makala ikakubaliwa. Profesa alimpongeza mbele ya watu, akasema hajapata kuona marejeleo safi namna ile. Mkataba ukasainiwa. Mvua za mwanzo zilikuwa hazijakatika aliposikia redioni, akiwa anapiga pasi, kwamba kwa mujibu wa utafiti mpya visima vya bondeni vinafunguliwa. Aliacha pasi imesimama, akatoka.

Alikuta watu wamefurika visimani. Minyororo ilikuwa imekwisha katwa, imelala kwenye tope. Kiwanda kilikuwa kimegawa ndoo mpya. Alimwamkia shangazi yake, naye akaitikia marahaba huku akimvuta mbele kwa fahari, akiwaambia majirani kwamba huyu ni mwanawe, anafanya kazi hukohuko chuoni kulikopimwa haya maji.

"Shangazi, msiyanywe," alisema.

Wachache waliosikia waligeuka. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mwenye makobazi yaliyokwisha kisigino, alisogea akamtaka aseme vizuri. Akasema. Alieleza sumu, akaeleza kiwanda, akaeleza vipimo alivyopima kwa mikono yake miwili. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akatoa mfukoni nakala ya makala, imekunjwa mara nne, aliyopewa na watu wa kiwanda.

"Mwanangu, mimi sikusoma sana. Lakini hapa wametaja kila aliyewahi kupima maji, hadi Wazungu. Huo wako umeandikwa wapi?"

Alichungulia orodha: kumi na nne ilikuwa na jina lingine.

Mwenyekiti alifunua ukurasa wa nyuma, akausogeza karibu na macho, kidole kikifuata mstari wa mwisho ambapo waandishi walitoa shukrani. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, jina halisi la Bi Nukta na la ukoo wake.

"Na huyu wanayemshukuru kwa kazi nzuri, si wewe?"

Shangazi alimtazama. Hapakuwa na hasira kwenye uso wake, ila aibu, kama ya mtu ambaye mtoto wake amekutwa akisema uongo mbele ya wageni. Akauachia mkono aliokuwa ameushika, akaokota ndoo yake mpya.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema taratibu. "Unazuia watu."

Akasogea. Kamba iliteremka muda mrefu, ikagota maji, ikaanza kupanda. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni aliomba apitishwe mbele, kwa kuwa mtoto alikuwa na kiu, na watu wote, kwa wema, wakampisha.