Shingo Ilipasuliwa, Ulimi Haukuguswa

Nilimpeleka Nairobi mume mmoja, nikarudishiwa mwingine, na huyu wa pili hana subira.

Yule wa kwanza, Mahfudh, aliuza mbata, nazi kavu, hapa Jomvu Kuu miaka ishirini bila kumpandishia mtu sauti. Alipofika umri wa miaka sitini na miwili akaanza kuangusha vikombe, na jicho moja likawa likizima na kuwaka lipendavyo. Madaktari wakasema mishipa ya shingo imebana, damu haifiki kichwani sawasawa. Wakampasua, wakaisafisha, wakamshona. Kovu lake laanzia chini ya sikio, lashuka hadi kooni.

"Akili huenda ikatangatanga kidogo, na hasira zitakuja," daktari alimwambia shemeji yangu Yeslam. "Mpeni miezi."

Miezi! Yeye daktari halali naye.

Alilia kwa sababu chai imepoa. Alicheka matangani. Chumvi ikizidi, sahani yaruka uani, kuku wafurahi. Na msiba mwenyewe ulikuwa majina: mwanangu mdogo, Mahfoudha, akimwita Kuluthum. Kuluthum ni dadake, kaolewa Likoni kitambo na ana watoto wawili.

Basi Mahfoudha naye akaposwa na Barakat wa Mjambere, na walii wa kumuozesha ni babake.

"Baba Kuluthum," nikamwambia, "mpe uwakili ndugu yako Yeslam aozeshe. Si aibu, watu wafanya."

"Shingo ndiyo iliyopasuliwa, si ulimi!"

"Haya, sema nisikie."

Akakaa wima, akakohoa. "Nimekuozesha binti yangu Kuluthum..."

"Mahfoudha."

"Ndivyo nilivyosema!"

"Umesema Kuluthum. Kuluthum ana mume, wataka kumwongeza wa pili?"

Kikombe kikaenda ukutani. Cha nne wiki ile.

"Hebu niwate, niache!" akasema, akatoka bila viatu.

Siku saba nilimfundisha kama mtoto wa chuo cha Kurani, siku saba akamuozesha Kuluthum. Na mimi nilijua litakalotokea: akikosea mbele za watu atasahihishwa, akisahihishwa atasusa, na akisusa hakuna ndoa. Mwanangu abaki na hina mikononi, Jomvu nzima ipate la kusema hadi Ramadhani.

Siku ikafika. Wanaume sebuleni, sisi wanawake nyuma ya pazia. Bibi harusi tulikuwa naye, ila kwetu siku hiyo hana kauli. Sheikh alikuwa ameshamwendea kumuuliza, naye akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo idhini.

Nikachungulia. Mahfudh akamshika Barakat mkono.

"Nimekuozesha binti yangu..."

Jina halikuja. Yeslam akafungua mdomo. Mahfudh akamtupia jicho, Yeslam akaufunga. Ishaka, mjomba wa bwana harusi, akamnong'oneza wa pembeni yake. Kovu likamwiva mume wangu hadi sikioni. Nikasema moyoni, sasa ainuka, twende zetu.

Hakuinuka. Aligeuza uso kwenye pazia, na kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu Nairobi, akauliza, "Mama watoto... huyu wangu wa leo ni yupi?"

Wallahi nilikuwa nafungua mdomo, mimi nisemaye mchana kutwa, nikatanguliwa.

"Mahfoudha, baba," akajibu bibi harusi mwenyewe, waziwazi, mbele ya wanaume arubaini.

Shangazi yake akajipiga kifua. "Yarabi! Bibi harusi kanena!"

"Na wewe nyamaza," nikamwambia. "Mdomo ni wake."

Kule sebuleni Mahfudh alikuwa akilirudia jina lile polepole, kama mtu ajaribuye kiatu. Kisha akamkaza Barakat mkono. "Nimekuozesha binti yangu Mahfoudha, kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali!" Barakat alijibu mbio, kabla jina halijabadilika tena.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Jioni wageni walipopungua nikampelekea pilau yake. Akanikonyeza.

"Mwaona? Nilikuwa nawapima tu, kama mko macho."

Jibu nilikuwa nalo, refu, la miezi sita. Nikamtazama akila. Chumvi ilikuwa imezidi, na hakusema kitu.

"Tushapimwa vya kutosha, Baba Mahfoudha," nikamwambia.

Kikombe nilikisogeza mbali na mkono wake hata hivyo.