Kalibu Zisizopasuka

Asubuhi ya siku ya soko, Kiden alikuwa akivuta ngozi ya ng'ombe kwa koleo juu ya kalibu ya mti, ili ishike umbo la mguu wa mzee Marino, alipoona kalibu imevimba tena kwenye kidole gumba. Alisonya. Mzee alishaambiwa aache nyama kwa ajili ya jongo, na hasikii. Akaibandua ngozi, akaanza upya.

Ndivyo kazi ya buti ilivyokuwa katika kibanda chake pale Koboko, mpakani mwa Uganda, tangu watu warudi kutoka ukimbizini Sudan. Kila mteja alikuwa na kalibu zake, zimechongwa kwa kipimo cha miguu yake na kutundikwa ukutani. Mteja akinenepa, nazo hunenepa. Akifa, hupasuka kisiginoni, na Kiden huzitia mekoni akapikia maharage. Wateja walipenda mpango huo, maana uliwapunguzia safari za kuja kupimwa.

Kalibu za Mogga, mumewe, zilikuwa nzima. Mogga alivuka mpaka kutafuta ngozi, akasema anarudi, na hadi leo hajarudi. Sasa ndugu yake Constantino alikuwa amewaita wazee wa ukoo wamtangaze marehemu, apate kurithi kibanda na cherehani. Cherehani hiyo Kiden aliibeba kichwani kutoka kambini, huyo Constantino akitembea mbele mikono mitupu!

Kiden alizifunga kalibu kwenye kitenge, akazipeleka kijiji cha Midia, kwa mzee Marino, ambako kikao kilikaa.

"Wazee, hii mutu iko hai," alisema. "Gusa tu."

Wazee waligusa. Zilikuwa na joto, na ya kushoto ilikuwa na lengelenge bichi.

"Mogga iko hai kabisa," Marino alisema. "Tena natembea sana."

"Na hizi ndogo?" Constantino aliuliza.

Ubavuni mwa kalibu zilikuwa zimechipua nyingine mbili, ndogo kama viazi. Kiden alikuwa akizikata kwa kisu kila zilipochomoza, mpaka akachoka. Mume hajaleta hata salamu, lakini miguu ya mtoto ameileta.

"Mogga nazaa mutoto huko," Marino alieleza. Wazee wakampa Kiden hongera.

Constantino alikohoa kidogo. "Sasa, kama kaka alikufa, vitu iko yangu. Kama iko hai, mimi nachunga vitu yake mpaka mutoto nakuwa mukubwa."

Wazee walitazamana, wakaona amesema vizuri.

"Na mimi?" Kiden alipaza sauti. "Nani nashona hapo miaka yote hii?"

"Shona tu, shemeji," Constantino alisema kwa upole. "Nani nakataza wewe?"

Jumatatu Constantino alifungua kibanda kwa ufunguo wa Kiden, akakalia na kigoda cha Kiden. Mteja wa kwanza alikuwa Paska, mwuza vitenge kutoka Arua, aliyetaka buti za kupitia tope la mpakani. Constantino alishika kisu, akakirudisha mezani, akamwita Kiden. Kiden akapiga magoti, akauzungushia mguu wa Paska uzi wa kupimia.

Paska aliwatazama wote wawili. "Siku hizi nani nashona buti hapa?"

"Mimi," Constantino alijibu.

Kiden alimwambia Paska alete mguu wa pili.