Shingo Laini

Mwanafunzi wa udaktari alisoma faili la mtoto mgonjwa kifua mbele: "Homa siku ya tatu, malaria imeonekana kwenye damu, shingo laini."

Daktari bingwa akamwamuru ainue kichwa cha mtoto. Kichwa kikainuka pamoja na mabega, shingo imekakamaa kama ubao. Kumbe homa ya uti wa mgongo nayo ilikuwemo.

"Hii shingo uliipima lini?"

Mwanafunzi akafunga faili. Aliipima siku ya kwanza tu. Malaria ilishapatikana, sasa ya nini kujisumbua? Kila siku akawa ananakili maandishi ya jana.

Sindano zilianza papo hapo, lakini maji yalishazidi unga. Jioni mtoto akakata roho. Mama yake akamshika mwanafunzi mkono.

"Asante, mwanangu. Angalau wewe ulikuwa ukimwangalia kila siku."