Saini ya Ishirini

Olive Hnatiuk alikuwa na fimbo ya hoki ya barafuni yenye saini kumi na tisa, na ile moja iliyokosekana ilikuwa imemnyima raha miaka arobaini na tatu. Timu ya mji ilipochukua kombe, marehemu mumewe Metro aliwapitishia wachezaji wote fimbo hiyo. Wote walisaini isipokuwa Rejean Thibault, ambaye asubuhi hiyohiyo aliuzwa kwa timu nyingine akapanda basi hata kahawa hajanywa.

Tangu hapo Olive alimwandikia barua sita. Nne zilipotea, moja ilirudi, na ya sita ikajibiwa kwa picha yenye saini iliyopigwa na mashine. Akaitia kwenye jiko la kuni.

Sasa Thibault alikuwa kocha wa timu ya wageni waliokuja kucheza na timu ya mji, na alikuwa anastaafu msimu ukiisha. Hapo mjini hangerudi tena. Jumapili asubuhi Olive alimvizia mlango wa nyuma wa uwanja, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, kalamu ameichomeka kwenye sidiria wino usigande.

"Kocha, saini moja tu. Nimekungoja tangu ukiwa na nywele."

Thibault alicheka, lakini mikono haikutoka mifukoni. "Mama, siku ya mechi sisaini kabla. Tukishinda, njoo kwenye basi. Tukifungwa, sitaki kuona mtu."

"Kipa wetu ni mjukuu wangu."

"Basi pole yako."

Mchana uwanja ulijaa. Olive alikaa na shoga yake Verna, fimbo katikati ya magoti, kimya kama yuko kanisani.

"Mbona hushangilii leo? Meno umeyaacha nyumbani?"

"Koo linauma."

Koo lilikuwa zima. Kilichouma ni Darcy, mjukuu wake wa miaka kumi na tisa, aliyesimama golini kama ukuta wa saruji. Vipindi viwili kati ya vitatu vilipita, wageni wakapiga mara ishirini na nane, hakuna kilichopita. Wenyeji walikuwa na bao moja.

Na kipa ambaye hajafungwa haambiwi. Hilo kila mtu pale alilijua tangu utotoni. Wenzake hawamsogelei, mama yake anafunga mdomo, hata padri hathubutu. Ukilitamka kabla mechi haijaisha, umemroga.

Mapumziko yalipokaribia kwisha, Olive akainuka.

"Unakwenda wapi?" Verna akauliza.

"Chooni."

"Choo kiko huku, we mama!"

Lakini Olive alikuwa ameshashuka hadi kwenye njia wanayotokea wachezaji. Darcy alitoka wa kwanza, kinyago juu ya paji la uso, akamwona bibi yake akatabasamu. Olive nusura ageuke arudi. Kisha akaiona ile nafasi tupu kwenye fimbo, upana wa vidole viwili.

"Darcy mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika, "mpaka sasa hujafungwa hata moja!"

Wachezaji wote wakaganda. Mmoja akajigonga kofia mara tatu kufukuza mkosi. Darcy alishusha kinyago akaenda golini.

Dakika kumi hakikutokea kitu. Olive hakujua ashukuru au alie. Dakika ya kumi na moja kisahani cha raba, kinachochezwa badala ya mpira, kilimpita Darcy katikati ya miguu, pigo ambalo Verna mwenyewe angelizuia kwa mkoba. Uwanja ukaguna. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, likaingia bao la pili. Darcy akainua kinyago, akaangaza macho majukwaani, safu kwa safu, mpaka akampata.

Kwenye basi Thibault alikuwa anamngoja.

"Vijana wangu wamenisimulia," alisema. "Mama, mimi nimefukuza watu kwa dhambi ndogo kuliko hiyo."

"Saini kwanza, mahubiri baadaye."

Akasaini, jina lote, na namba yake ya zamani. Olive alipuliza wino mpaka akashikwa na kizunguzungu.

Darcy alikuwa kwenye gari, injini inaunguruma, macho mbele. Olive akapanda taratibu, kama mtu anayepanda kizimbani.

"Amesaini?"

"Amesaini."

"Nionyeshe."

Aliigeuza fimbo, akasoma majina yote ishirini, akamrudishia.

"Jumatano tuna mechi, Bibi."

"Najua, mwanangu. Nitakupikia—"

"Usije."

"Darcy…"

"Usije, Bibi."

"Haya. Nitasikiliza redioni."

"Na redio uzime."

Gari likaondoka. Olive akageukia dirishani haraka, fimbo ameikumbatia, maana tabasamu lilikuwa linamponyoka, na hapakuwa mahali pake.