Wimbo wa Tatu

Kazini wananijua kwa mdomo. Nimewachamba mabosi mpaka nikaitwa Pilipili, na jina limenikaa. Kazi yangu ni kuwatia watu ganzi. Nakaa kichwani kwa mgonjwa, yeye yuko macho, na ng'ambo ya pazia la kijani daktari anakata.

Muziki niliuleta mimi. Mwanzoni walinicheka, eti nafungua disko. Lakini mgonjwa aliyevikwa hedifoni hatetemeki, presha haipandi, na msumeno hausikii. Mimi na daktari tuna ishara yetu: akiinua kidole gumba juu ya pazia, naongeza sauti.

Mwalimu wa kwaya aliletwa asubuhi. Kisukari, kidonda mguu wa kulia, vidole viwili vya kukatwa. Nilipomwuliza anataka nyimbo gani, akanikabidhi simu yake.

"Kwaya yangu mwenyewe. Ukiniwekea ya wengine nitakaa kuwasahihisha, nife kwa hasira kabla ya kisu."

Nikacheka. Nilimpenda palepale.

"Vidole viwili tu, siyo?" akauliza. "Mguu huu ndio ninaoshikia mapigo. Wa kushoto ni gogo tu."

"Viwili tu, mama."

"Wakibadilisha, usinifiche. Wewe ndiye uliye karibu na sikio langu. Niahidi, mwanangu."

Nikaahidi bila kufikiri mara mbili, maana fomu nilikuwa nimeisoma, na iliandikwa viwili.

Ganzi ikashika. Wimbo wa kwanza ulipoanza alitaka kupiga mapigo kwa mguu, mguu ukagoma. Akahamia kwenye kidole cha shahada, akawa anagonga kiganjani mwangu na kuimba chini chini.

Katikati ya wimbo wa pili daktari akanyamaza. Huyu ni mtu wa porojo tangu kisu cha kwanza hadi uzi wa mwisho, kwa hiyo roho yangu ikaruka. Nikachungulia. Loo! Nyama ilikuwa imeoza hadi juu ya kifundo.

"Tunakata chini ya goti," akasema.

"Tumwambie kwanza. Yuko macho."

"Na akikataa? Wiki haiishi tutamzika. Soma mstari wa mwisho wa fomu: na lolote daktari atakaloona linafaa. Ameweka sahihi."

Akainua kidole gumba.

Siku nyingine ningemtolea uvivu mbele ya watu wote. Siku hiyo mdomo ulikauka. Nilimtazama mama wa watu, kafumba macho, anaimba. Niliogopa, basi. Niliogopa atalia, niliogopa atakataa, niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayemwambia. Wimbo wa tatu ukaanza, nikaongeza sauti.

Kidole chake kikasimama kiganjani mwangu. Kidogo tu, kisha kikaendelea, na yeye akaimba kwa nguvu hadi muuguzi aliyeshika ndoo akageuka kumtazama. Presha haikupanda hata kidogo. Mjinga mimi, nikashukuru muziki wangu umefanya kazi.

Alasiri nikaenda wodini. Daktari alikuwa ameshapita kumweleza. Upande wa kulia shuka lilikuwa bapa kuanzia chini ya goti, na binti yake alikuwa kitini, macho yamemvimba. Nilikuwa na maneno yangu ya dharura, nimeyapanga njia nzima.

"Ulikuwa wimbo wa tatu, siyo?" mama akaniwahi.

Nikamwuliza amejuaje.

"Ule niliutunga mimi, nikawafundisha, nikaurekodi. Sauti haipandi pale. Ilipopanda nikajua kuna mnachonificha, mmebadilisha."

"Mbona hukusema kitu, mama?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Beti zote tatu nilikungoja." Hakupandisha sauti, na heri angenitukana. "Ningekubali, unajua? Ningesema kateni. Nilitaka kuulizwa tu."

Machozi yalinitoka hapohapo, mbele ya wagonjwa, Pilipili mzima. Hakuniambia ninyamaze. Alichukua simu chini ya mto akaninyooshea.

"Ufute. Siwezi kuusikia tena, na mkono wangu haukubali."

"Mama, si ndiyo rekodi pekee ya wimbo huu—"

"Ufute, mwanangu."

Nikaufuta. Binti yake akainua kichwa, akauliza tunafuta nini.

"Wimbo tu," mama akamjibu, akageukia ukutani.