Kipande cha Domina

Kasiani hakuwa mlevi wala mwizi, na watu wa kambi ya mkonge karibu na Kimamba wangekuapia hivyo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kupenda kuonekana. Nchi ilipotimiza mwaka wa kwanza wa uhuru, yeye aliona haifai kwenda kwenye sherehe na shati tu. Akaingia dukani kwa Beda, akavaa koti la sufu, akajitazama kwenye kioo, akajipenda. Koti la sufu, kwa joto la Kimamba!

"Chukua, bwana Kasiani," Beda alimwambia. "Niachie kipande tu."

Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye vyumba thelathini. Kila siku uliyomaliza kazi, nyapara alitia alama kwenye chumba kimoja. Vikijaa vyote, ulingoja siku ya mshahara ukipeleke ofisini upate fedha zako. Kwa hiyo kipande kilichojaa kilikuwa fedha ambayo haijafika tu, na Beda aliipenda sana fedha ya namna hiyo. Kasiani akaacha chake. Baada ya koti vikafuata viatu, kisha soda na sigara za marafiki. "Andika, Beda!" alisema kila mara, na jinsi alivyopunga mkono ungedhani shamba lote ni lake. Kukopa harusi, kulipa matanga, na Kasiani alikuwa bado harusini.

Matanga yalianza siku Beda alipomwambia kwamba kipande chake kimekwisha kumezwa chote, na deni bado lipo.

"Usipolipa nitakuvua hilo koti mbele ya watu," alisema, wala hakupandisha sauti.

Nyumbani, ndani ya sanduku, kilikuwamo kipande kingine. Mkewe, Domina, alikuwa akianika katani juani kutwa nzima, na alikijaza chake siku thelathini bila kuruka hata moja. Fedha hiyo ilikuwa ada ya binti yao, Agnesi, aliyepata nafasi shule ya bweni Kilosa. Isipolipwa kufikia Jumatatu, nafasi angepewa mtoto mwingine. Yote hayo Kasiani aliyajua. Alikichukua hata hivyo, akampelekea Beda, akijiambia atakikomboa kabla ya siku ya mshahara. Kwa fedha ipi, hakujiuliza.

Alasiri ya kuamkia siku ya mshahara, Domina alifungua sanduku. Alikung'uta khanga moja moja, akapekua mpaka kwenye unga. Mwishowe akatoka uani alikokaa mumewe, akampigia magoti.

"Baba Agnesi, nimekipoteza kipande. Sijui hata nilikiweka wapi. Nisamehe, nimemponza mtoto."

Hapo ndipo palikuwa pahala pa kusema. Kasiani akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Basi, inuka. Nimekusamehe. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Mwangalifu! Hata mimi ninayesimulia naona haya kulirudia neno hilo. Naye aliona haya, tena sana. Jioni aliumegamega ugali bila kuula. Domina, akidhani mume anaumia kwa ajili ya uzembe wake, akamwekea kipande kikubwa cha samaki.

Asubuhi akamwomba waende wote kwa karani, awe shahidi kwamba kadi imepotea. Kasiani akaenda. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Pembeni ya dirisha la ofisi alikuwa amekaa Beda, na mkononi ana furushi la vipande alilolifunga kwa kamba ya katani. Jina la Domina lilipoitwa, Beda akainuka na kuchomoa kimoja. Domina alikitambua palepale, kwa doa la mawese alilolitia kwa kidole chake mwenyewe. Akamtazama mumewe.

Karani aliona. "Mama, hiki ulikitoa wewe? Kama kimeibwa, sema. Mwizi anafukuzwa kambini leo hii."

Foleni nzima ikageuka kutazama. Kasiani aliinamisha kichwa, akakutana na viatu vyake vipya.

"Nilikitoa mwenyewe," Domina akasema.

Beda akachukua fedha, akaacha za kununulia chumvi.

Njiani Domina alitangulia. Walipofika uani, majirani walikuwa wakitwanga mahindi, na Agnesi yuko mlangoni na sanduku lake la shule, tayari limefungwa. Domina akageuka.

"Koti na viatu utavirudisha kwa Beda leo, akupe atakachokupa. Ada haitafika, hilo utamwambia mtoto wewe mwenyewe. Lakini jana niliomba msamaha hapa, ukaupokea. Haukuwa wako. Nirudishie."

Michi ikasimama. Kasiani, mtu wa kupenda kuonekana, akatazama majirani, akamtazama binti yake, kisha akapiga magoti pale pale alipopiga mkewe jana.